Laptop Imetangulia Nyumbani Bila Mimi

Asubuhi nimelia laptop kama mtu amekufa.

Mnaijua, ile nyembamba nimewaringia nayo hapa. Ni nyepesi hadi nikiibeba, lazima nifungue begi nihakikishe iko.

Leo haikuwa.

Na kazi ya mteja inangojwa! Nimepindua makochi, nimeanza kuangalia majirani hapa Kimumu na jicho mbaya.

Mama akapiga simu. Jana alitoka kwangu akarudi nyumbani Chepsaita, akabeba vitambaa vya makochi akavifue.

"Hii komputa yako nilikunja nayo kwa vitambaa. Si iko kama gazeti, ningejuaje?"

Nikapiga nduru, "Mama! Umeiloweka?"

"Ai! Nimeiweka kwa kabati, kando ya picha yako ya graduation."

Nikamwomba aitume na gari.

"Kitu imekonda hivi? Itavunjika. Kuja mwenyewe. Kuku nishachinja."

Nimeenda. Kazi ya mteja nimemalizia mezani kwake, paja la kuku mkononi.

Halafu nikaona begi yake. Ndani, vitambaa bado vimekunjwa vizuri, havijaguswa na maji.

Sasa niambieni, huyu Mama amenivuta nyumbani na laptop yangu, nimshtaki kwa nani?