Gauni Nililolifumua Mbele ya Darasa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Nilifika Mirongo, jijini Mwanza, asubuhi, nimeacha shule darasa la sita, nikitokea nyumbani kwetu upande wa Mara, na Fundi Mkuu wa baraza lile la ushonaji akanipa sumaku iliyofungwa kwenye kijiti. "Okota pini," akasema. Niliokota pini hadi adhuhuri, na kila nilipookota niliuliza swali. Kwa nini mkasi ule hauruhusiwi kugusa karatasi? Kwa nini kitambaa kinaloweshwa kabla ya kukatwa? Kwa nini mafundi wote wanne wamekaa kuuelekea mlango? Fundi Mkuu, mzee wa Kihaya aliyevaa futi shingoni mchana kutwa, akalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Kijana, mdomo wako una breki?"

"Hauna, mzee."

"Basi utakuwa fundi au utakuwa mwanasiasa. Okota pini."

Majibu niliyapata polepole. Karatasi hufanya mkasi uwe butu. Kitambaa cha pamba hujirudi kikilowa, kwa hiyo ni heri kijirudi kabla hakijawa nguo ya mtu. Na mlangoni ndiko kulikokuwa na mwanga. Mzee yule alikuwa fundi kwelikweli. Aliweza kumtazama mteja akivuka barabara na kukwambia urefu wa mgongo wake.

Lakini baraza lilikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze, kwa sababu miaka mingi baadaye ilikaribia kumtoa binti mmoja katika kazi hii, na mkono ulioshika wembe ulikuwa wangu.

Mwanafunzi akikosea, kazi yake haikurudishwa kimyakimya. Fundi Mkuu aliinyanyua juu, akaita wenzake, akaifumua mbele ya wateja, mshono kwa mshono, huku akitia maneno. Mimi nilipachika mikono ya shati kinyume, wa kulia ukaenda kushoto. "Jamani njooni," akasema, "huyu anamshonea mtu anayekuja au anayeondoka?" Baraza likaanguka kwa kicheko. Muuza karanga naye alicheka, na wala hakujua tunacheka nini. Mimi nilicheka kuwazidi wote. Ndivyo tulivyofunzwa: fundi asiyefumuliwa hajapikika.

Baada ya muda si mrefu nikaaga. Niliwaambia nataka kuona ng'ambo, na kweli nilitaka. Watu wanasema nina miguu myepesi, nami sikatai. Ila nimezeeka vya kutosha kukiri kwamba miguu ile ilikuwa na sababu nyingine pia.

Nilivuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, nikaajiriwa na mama mmoja wa Kijita aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na gati. Nitamwita Mama Mwenye Duka, maana hata mumewe alimwita hivyo. Huyo ndiye aliyenifundisha kuongea. Nilikuwa nimezoea kumpima mteja nje barazani na kumtajia mwenzangu anayeandika namba kwa sauti: kifua hiki, kiuno hiki, hipsi hizi. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo, Mama Mwenye Duka alinivuta nyuma ya pazia.

"Fundi, umemtangaza mwenzangu kama samaki mnadani?"

Tangu hapo nilipima ndani ya pazia na kuandika mwenyewe. Mteja aliyeongezeka mwili sikumwambia amenenepa. Nilimwambia kitambaa hiki kinapenda nafasi. Na kabla mteja hajatoka, Mama alinilazimisha kurudia maagizo yote kwa kinywa changu. "Mama, umesema mikono mifupi, shingo ya duara, zipu nyuma." Nusu ya wateja walijibu, "Hapana, zipu pembeni." Kutikisa kichwa si kusikia. Mtu anaweza kutikisa kichwa huku anawaza ugali.

Kutoka hapo nilizunguka sana. Nilishona sare za shule Sengerema, majoho ya kwaya, viti vya pikipiki, maturubai ya sherehe. Kila palipokuwa na sindano nilitaka kujua inaingilia wapi na inatokea wapi. Mke wangu alisema ameolewa na kishada. Mwishowe, nikiwa na mvi za kutosha, chuo kidogo cha ufundi huko Ilemela kikatafuta mwalimu wa ushonaji. Mkuu wa Chuo, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alitazama cheti changu cha majaribio ya ufundi, kisha akanipa kipande cha kitambaa.

"Kata kola."

Nikakata.

"Sasa nieleze umejuaje pa kukata."

Nilisimama pale kama mtu aliyeulizwa anavyopumua. Mikono ilijua, mdomo haukujua. Akanichukua hata hivyo, kwa sharti kwamba nijifunze kuandaa somo kwenye karatasi: leo tutafundisha nini, mwanafunzi ataonyesha vipi kuwa ameelewa. Mimi wa darasa la sita nikakaa na andalio la somo kama mtoto na hesabu. Nililipenda. Niligundua kwamba kueleza jambo polepole ni sawa na kutengeneza pateni, yaani ile karatasi yenye umbo la kila kipande cha nguo. Ukiruka kipande kimoja, mwenzio atabaki na gauni lisilo na mgongo.

Kwa hiyo nilikuwa mwalimu mzuri, na watu walisema hivyo. Jambo moja tu nililibeba kutoka Mirongo bila kulipekua. Nilifumua kazi za wanafunzi mbele ya darasa.

Kabula alitokea ng'ambo, kijiji kilicho jirani na Kamanga. Mwanza alikaa kwa shangazi yake, na Ijumaa jioni alikuwa akivuka kurudi kwao. Hakuwa msemaji. Alhamisi moja alileta mezani gauni la kitenge la bluu, kazi yake ya vitendo. Nikaliweka juu ya meza, nikaona bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia kwa vidole viwili vizima. Sikumtazama usoni. Nililinyanyua juu.

"Njooni muone! Kabula, huyu uliyempima alikuwa amesimama kwenye mwamba?"

Darasa likacheka. Nikachukua wembe nikafumua bega, kwapa na mkono, na kwa madaha ya kuchekesha watu nikapitisha wembe mahali pasipo mshono. Kitenge kikatoboka, tundu la punje ya mchele. Kabula hakulia. Alikusanya futi yake na mkasi wake, akaacha gauni mezani, akatoka.

Mwenzake wa dawati moja, Rehema, ndiye aliyebaki amesimama.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanisalimia mara ya pili?"

"Nataka kusema kitu, naogopa. Lile bega hakulikosea. Ni gauni la mama yake. Alianguka na ndoo ya maji zamani, bega likaungana vibaya. Jumamosi wazazi wake wanabariki ndoa kanisani."

Nilikaa. Mbinu ile niliijua tangu ujana wangu. Gauni la mabega sawa likivaliwa na mtu ambaye bega lake moja limeshuka hufanya makunyanzi kutoka shingoni kwenda kwapani, na makunyanzi hayo ndiyo yanayoita macho ya watu. Fundi hodari hushusha bega la nguo lifuate la mwenyewe, na kwapa nalo. Sikuwa nimemfundisha Kabula hilo. Alilifikia kwa akili yake, nami nikalirarua.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo nikamweleza kila kitu. Hakunigombeza. "Wapo wanaosubiri nafasi," alisema. "Asipojibu jina lake Jumatatu asubuhi, nitaandika kwamba ameacha. Shangazi yake amepiga simu sasa hivi, anasema binti amefunga begi, anavuka leo hii. Mwalimu, utafanya nini?"

"Nitavuka."

"Ukifika, usimmwagie sababu."

Ijumaa asubuhi nilivuka na vile vipande kwenye mfuko. Nilikuta nyumba imejaa wanawake wanaochambua mchele wa sherehe. Kabula alikuwa kati yao, ameinamia ungo. Mama yake alikuja kunipokea, kanga imetupwa begani upande wa kushoto.

"Shikamoo mwalimu. Karibu sana. Kabula, humsalimii mwalimu wako?"

"Nimemwona," Kabula akasema, na mkono haukuacha mchele.

Kwetu mtoto kutomwamkia mtu mzima ni jambo kubwa, na wanawake wote waliacha kuchambua mchele. Nilikuwa nimepanga niombe tuzungumze faragha. Halafu nikafikiri: kumvunjia heshima nilimvunjia mbele za watu, iweje radhi niiombe nyuma ya nyumba?

"Mama Kabula, na ninyi dada zangu," nikasema, "jana nililifumua gauni la mama huyu mbele ya darasa na nikamcheka aliyelishona. Lilikuwa limeshonwa sawasawa. Kabula, nisamehe. Nilifumua kabla ya kuuliza."

Neno "lakini" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilitaka kusema lakini na sisi tulifunzwa hivyo, lakini nia yangu ilikuwa njema. Nikalimeza. Mtu anayeomba radhi huku ana "lakini" anaomba asifiwe.

"Ulidhani amekosea?" mama yake akauliza.

"Sikudhani, mama. Nilikuwa na hakika. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Mwanamke mmoja akaguna, "Leo nimeona mwalimu," wengine wakacheka kidogo. Kabula hakucheka. Aliweka ungo chini, akaufungua mfuko, akakitazama kile kitundu kwa muda mrefu.

Cherehani ilikuwa ya jirani. Mimi, kwa kiherehere cha kurekebisha, nilikuwa nimekuja na sponji ya bega. Nikasema tuipachike ndani upande wa kushoto ili mabega yalingane, na hakuna atakayejua.

"Hapana," Kabula akasema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniambia hivyo. "Mama amelifunika bega hilo kwa kanga miaka yote. Kesho anataka kusimama bila kanga. Sponji ni kanga nyingine."

Mama yake aligeukia dirishani.

"Unataka tufanyeje?" nikauliza.

"Bega libaki lilivyokuwa. Kitundu tukishonee utepe wa kitambaa hichohicho, na upande wa kulia tuweke mwingine. Wewe pachika mkono, mimi nitashika bega."

Tulishona hadi alasiri, yeye akiamua nami nikifuata. Mara mbili niliona ninachodhani ni kosa. Mara zote mbili niliuliza, "Nieleze hapa," na mara moja kweli lilikuwa kosa, akalifumua mwenyewe. Hilo nalo nilijifunza: mtu akifumua kwa mkono wake haumii vile. Nilipoondoka gauni lilikuwa limekamilika. Mama alinisindikiza hadi njiani. Kabula alisema kwaheri, akarudi kwenye ungo, na kuhusu chuo hakusema neno. Sikumwuliza. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, na ukiidai malipo papo hapo haiwi radhi tena.

Sasa nimestaafu. Ninakaa huku Ilemela kati ya mawe na kuku wa jirani, na walimu wapya wa ufundi wakija kunitembelea hudhani nitawapa siri za mkasi. Siri za mkasi zipo, nami nawapa. Lakini nikikaa peke yangu sihesabu nguo nilizoshona. Nawaza maneno: mangapi niliyasema juu ya kichwa cha mtu ambaye nilipaswa kuinama nimsikilize. Sioni aibu kwamba niliacha shule mapema. Naona aibu kwamba nilichelewa kujifunza kumwuliza mwanafunzi, "Hapa ulikuwa unafikiria nini?" kwa nia ya kutaka kujua kweli. Mimi niliyeuliza kila kitu duniani sikuwahi kuwauliza wao. Na wanaponibana niwape mfano, ninawapa Jumatatu ile.

Niliita majina mwenyewe. Mkuu wa Chuo alisimama mlangoni na daftari lake. Nilipofika kwenye jina la Kabula nililisoma taratibu, kisha nikalisoma tena.

"Nipo," sauti ikatoka nje. Aliingia na begi mkononi, akapita katikati ya madawati, akasimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Kabula."

Niliweka kalamu chini nikaliambia darasa nililolifanya Alhamisi, kama nilivyoliambia lile kundi la wanawake ng'ambo, na kwamba kuanzia siku ile wembe hautashikwa na mtu yeyote juu ya kazi ya mwenzake. Hakuna aliyepiga makofi. Rehema alikuwa ameshika simu yenye picha: mama mwenye gauni la bluu, mbele ya altare, mabega yote mawili bila kanga.

Kabula alikuwa bado amesimama.

"Una la kusema?" nikamwuliza.

"Mama anakushukuru sana, mwalimu." Akasita, akawatazama wenzake, akanitazama. "Ila anasema ule mkono ulioupachika wewe unambana kwapani. Alishindwa kuinua mkono wakati wa kuimba."

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, na wote wakafuata, hata Mkuu wa Chuo mlangoni. Kabula naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alifungua begi akalitoa gauni, akalitandaza mezani kwangu.

Nikavaa miwani.

"Nionyeshe ni wapi," nikamwambia, na nikasogeza kiti ili akae yeye.