Askari Anayeondoka Jumatatu na Kubaki Jumanne

Baridi ya Julai inauma masikio, na Mlima Meru umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katika uwanja wa kituo kimoja cha polisi mjini Arusha, Sajini Jabiri anahesabu askari waliojipanga kwa gwaride. Anafika ishirini na sita. Anarudi mwanzo, anahesabu tena taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Wanabaki ishirini na sita.

Wanaotakiwa ni arobaini.

“Konstebo Elimringi,” anaita. “Asubuhi njia panda ya mnara wa saa. Mchana sokoni. Jioni lindo la benki.”

“Ndiyo, afande.”

Anayeitikia ni mtu mrefu mwembamba wa miaka thelathini na mmoja, kaptula imenyooshwa kwa pasi na macho yamejaa usingizi. Kazi ya watu watatu ameizoea. Asichokizoea ni swali analoulizwa na kila mtu tangu mwezi huu uanze, nalo ni hili: mkataba wako unaisha Ijumaa, unatia sahihi tena au unarudi nyumbani?

Jumatatu alimjibu mwandishi wa habari hii kwamba anaondoka. Jumanne alisema anabaki. Jumatano alikuna shingo, akaomba aulizwe jambo jingine.

Mjini watu wanamjua, ingawa si vizuri sana. Siwema, mama anayeuza vitumbua karibu na soko, kwa miezi mingi aliamini kwamba askari huyu ni pacha. “Wa asubuhi alikuwa mchangamfu, wa jioni amenuna,” anasema Siwema. “Nikawa nampa huyu wa jioni kitumbua ampelekee nduguye. Anapokea, anasema asante, anaondoka nacho.”

Elimringi hakanushi. “Nilikuwa na njaa,” anasema. “Na nilimfikishia.”

Alizaliwa katika kijiji kilicho juu ya Tengeru, mtoto wa kwanza katika nyumba ya Kimeru yenye migomba, mibuni na ng’ombe wawili. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Mwaka 1946 alijiandikisha polisi, na sababu yake haipambi hata kidogo.

“Nilipenda filimbi,” anasema. “Nilimwona askari Tengeru anapuliza filimbi, lori likasimama. Lori zima, na Mzungu ndani. Nikasema, na mimi naitaka hiyo.”

Miaka tisa imepita, na filimbi bado anayo. Analipwa shilingi mia na kumi kwa mwezi. Anaishi na mkewe Elizabeth na watoto watatu katika chumba kimoja cha laini za polisi, yaani nyumba za askari, na jiko wanachangia na familia mbili. Wakati huohuo bei ya kahawa imepanda, na kule mlimani watu waliokuwa wakimwamkia kwa heshima sasa wanamuuliza kwa upole kama anakula vizuri.

Ndiyo maana askari wanapungua. Wawili wameajiriwa kulinda mashamba ya walowezi, mmoja anaendesha lori la mkonge. Mwingine alikwenda likizo Kondoa, kisha akaleta barua ya heshima sana kueleza kwamba amepotea njia ya kurudi. Hata Bwana Inspekta, kijana wa Kiingereza aliyefika mwezi wa Machi, ni wa tatu kushika kiti kile katika miaka miwili.

Inspekta huyo alitoa amri mwezi wa Mei: kila askari anayekwenda likizo arudi na vijana wawili wa kujiandikisha. Walipewa fimbo yenye alama ya futi tano na inchi sita, ya kuwapimia.

Elimringi alikuwa na likizo ya siku kumi mwezi wa Juni. Siku ya soko akasimama Tengeru na fimbo yake, katikati ya ndizi na mbuzi. Vijana walikuja wengi. Walipimwa kwa vicheko, wengi wakaipita alama ile kwa kiganja kizima. Alipoanza kueleza juu ya sare na pensheni, mmoja akamkatiza.

“Na mkataba wako wewe unaisha lini, kaka?”

“Mwezi ujao.”

“Utatia sahihi?”

Elimringi aliinama, akaanza kuifuta fimbo yake. Vijana wakasubiri kwa adabu. Kisha wakatawanyika, wakarudi kwenye kahawa zao.

“Ningeweza kudanganya,” anasema. “Tatizo nilikuwa nataka kulisikia jibu na mimi.”

Aliyebaki alikuwa mmoja tu, na huyo walitoka wote nyumba moja. Anande, mdogo wake wa miaka ishirini, alitaka kazi ya polisi tangu utotoni, na sababu yake kubwa ilikuwa kaka yake. Jioni ile walimkalisha mama yao, Nkasiogi, mjane wa miaka miwili, wakamwambia.

Mama huyu si mtu wa maneno mengi. Alimaliza kwanza kumkamua ng’ombe. Kisha akasema serikali inaye mmoja wake tayari. Ikimtaka huyu, imrudishie yule. Shamba haliwezi kukaa na mwanamke mmoja na ng’ombe wawili.

“Nilikubali,” anasema Elimringi. “Nilikubali upesi hata nikashangaa. Nilijiona tayari nachuma kahawa.”

Anande akapimwa kituoni, akapasi, akapelekwa Moshi kwa mafunzo ya miezi sita. Inspekta alifurahi mno. Alimshika Elimringi mkono, akamwambia kwamba wangekuwa na askari kumi kama yeye, shida ingekwisha.

“Aliushika mkono wangu muda mrefu,” anakumbuka Elimringi, “ikawa vigumu kumwambia kwamba huyu aliyeingia ameingia mahali pangu. Anaingia mmoja, anatoka mmoja. Hesabu yake imebaki palepale, na yeye anacheka.”

Alijipa siku mbili za kutafuta maneno. Siku ya pili akaingia kwa karani kuomba fomu ya kuacha kazi, na hapo ukutani akaona orodha ya likizo. Jina la kwanza lilikuwa la Sajini Jabiri: miezi mitatu, kuanzia Agosti mosi. Chini yake karani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba likizo itatolewa iwapo askari hawatapungua chini ya ishirini na sita. Wanafunzi wa Moshi hawahesabiwi.

Elimringi akahesabu kwa vidole, ingawa hapakuwa na haja. Akiondoka yeye, wanabaki ishirini na watano, na Sajini Jabiri haendi kwao.

Jabiri ni Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa swala tano na sauti ya chini. Huu ni mwaka wa nne hajafika kwao, na likizo yake imeahirishwa mara mbili kwa sababu hiyohiyo. Binti yake, Mwanahalima, aliolewa mwaka jana baba akiwa zamu Arusha. Mama yake mzee haoni vizuri tena, na katika kila barua anauliza kama mwanawe bado ana ile sauti yake.

Mwandishi alimuuliza sajini kama amemshauri Elimringi abaki.

“Nimshauri vipi?” alisema. “Nikimwambia abaki, nimejisemea mwenyewe. Nikimwambia aende, nitakuwa nimemdanganya, kwa sababu moyoni sitaki aende. Basi nampangia zamu tu.”

Tangu siku hiyo Elimringi amekuwa mtu wa kupotea akiwa amesimama. Alhamisi asubuhi, pale mnara wa saa, aliruhusu magari ya pande mbili kwa pamoja, dereva wa basi na mkulima wa Kigiriki wakabaki wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenziwe akasirike.

“Kichwa hakikuwapo,” anakiri. “Nikimfikiria mama, naondoka. Nikimwona afande anakata kucha zake pale kivulini, nabaki. Halafu namkumbuka Anande. Alikuja huku kwa ajili yangu. Akitoka Moshi asinikute, atasema nini?”

Elizabeth, mkewe, amekwisha kuchoka. “Nimefunga mizigo mara mbili, nimeifungua mara mbili,” anasema, huku akimfuta mtoto pua. “Nimemwambia sufuria haziingii tena kikapuni mpaka nione karatasi. Aende, abaki, mimi nipo naye. Lakini achague, watoto wananiuliza shule ipi.”

Elimringi alijaribu njia ya tatu. Alimwendea Inspekta, akamweleza kwamba kinachowakimbiza askari si kazi, ni kukaa miaka bila kuona kwao. Wape mwezi mmoja kila mwaka, kwa zamu, kila mtu wakati wa mavuno ya kwao, na hawatatafuta njia ya kupotea. Inspekta alisikiliza, akaandika yote kwenye daftari, akasema ni fikra nzuri sana na atampa atakayekuja baada yake. Yeye mwenyewe alikuwa amepata uhamisho asubuhi ile.

Ikafika Ijumaa.

Saa tatu asubuhi, Elimringi amesimama kwenye baraza ya ofisi ya karani. Mezani kuna karatasi mbili, ya miaka mitatu mingine na ya kukabidhi sare, na kalamu iko katikati. Karani amekwisha kukohoa mara tatu. Ndipo mwanamke mwenye shuka jeusi na shanga masikioni anaingia lango la kituo, kibuyu mkononi. Ni Nkasiogi. Ameteremka kwa miguu mpaka Tengeru, akapanda lori la ndizi mpaka mjini. Amekuja kumchukua mwanawe kama walivyopatana, na kibuyu kimejaa loshoro, yaani mahindi na ndizi kwa maziwa ya mgando, ili ale kabla ya safari.

Elimringi anashuka ngazi, anamwamkia, anapokea kibuyu, anakirudisha.

Sajini Jabiri anatoka uani, kofia kwapani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe mkubwa wao?” Kiswahili cha Nkasiogi ni cha sokoni, kifupi na cha haraka.

“Wa hawa wachache, ndiyo.”

Mama anamtazama toka juu mpaka viatuni. Anaona mvi.

“Mama yako mzima?”

“Mzima, mama. Yuko Tabora.”

“Amekuona lini?”

Sajini anaigeuzageuza kofia yake. “Mwaka wa nne huu,” anasema.

Nkasiogi anamgeukia mwanawe, anamsemesha kwa Kimeru. Elimringi anajibu neno moja. Baadaye alimweleza mwandishi yaliyosemwa. Mama aliuliza kama leo akiondoka yeye, mtu huyu anakwenda kwao au anabaki, naye akajibu kwamba anabaki.

Magari yanapita barabarani, karani anachungulia dirishani. Kisha Nkasiogi anakichukua kibuyu na kukitia mikononi mwa Sajini Jabiri.

“Kula,” anamwambia. “Tabora mbali.”

Na kwa mwanawe anasema, kwa Kiswahili, ili wote wasikie: “Wewe utakuja huyu akirudi.”

Hakukaa hata kunywa chai. Elizabeth alitoka mbio kule laini za polisi akiwa na mtoto mgongoni, akamkuta mkwewe amekwisha kuvuka barabara. Nkasiogi alikuja kuchukua mwana mmoja kati ya wawili, akaondoka bila hata mmoja, na kahawa iliyoiva inamngoja peke yake huko juu.

Elimringi alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya maduka ya Wahindi. Alilia, wala hakujificha. “Nilitaka kumwita,” anasema. “Sikujua nikimwita nitamwambia nini.”

Karatasi zote mbili hazikutiwa sahihi. Aliomba miezi minne tu, mpaka sajini arudi na yeye akabidhi kazi vizuri. Inspekta alikuna kichwa, akasema hakuna fomu ya namna hiyo. Karani akachukua karatasi tupu, akaiandika kwa mkono, na Inspekta akatia sahihi, labda kwa sababu na yeye yumo safarini.

Sasa Elimringi ana mpango, na kwa mara ya kwanza anausema bila kuubadili siku ya pili. Sajini Jabiri atapanda basi la Dodoma Agosti mosi, kisha gari moshi mpaka Tabora. Akirudi Novemba, Elimringi atavua sare na kuwahi kahawa ya mwisho. Anande atakapomaliza Moshi, sajini ndiye atakayekuwa mkubwa wake.

Mwandishi alimuuliza kama ana hakika sajini atarudi. Yule wa Kondoa alikwenda likizo na hakurudi, na baada ya miaka minne si rahisi mtu kuagana na mama yake tena.

Uso wa Elimringi ulikuwa wa mtu ambaye hilo hakulifikiria kabisa, au amelifikiria kila saa.

“Sijui,” alisema. “Kweli, bwana, sijui. Lakini siku anapanda basi nitambebea mzigo wake, na nitamwambia neno moja tu. Nitamwambia, afande, sasa una mama wawili. Mmoja anakungoja ufike, na mmoja anakungoja urudi.”