Turubai Juu ya Tela

Tela hulijui kwa kulitazama nje. Nje ni rangi, na rangi kila mwenye brashi anaweza kuipaka. Mimi naingia ndani. Milango yote miwili inafungwa, makomeo yanapigwa, nami nasimama katikati ya giza mpaka macho yazoee. Kama kuna tundu, hata la msumari, jua litanionyesha. Kazi hii hakunifundisha mtu. Darasa la nne sikulimaliza. Nilianza kwa kubeba magunia bandarini Mocímboa, nikawa najiuliza kwa nini magunia ya mlangoni hufika yameoza na ya katikati yamepona, wakati wenzangu wanajiuliza watakula nini. Nikajua mpira wa mlango ukifa, maji hupita. Tangu hapo nabana kipande cha karatasi mlangoni, naufunga, nakivuta. Kikitoka kirahisi, mpira hauna kazi, ubanduliwe. Bawaba nazisikiliza kwa sikio. Wapo wanaobisha kwamba hakuna aliyenishinda huku kwetu, lakini hubisha nikiwa sipo.

Tela likipita mikononi mwangu, nilichora kwa chaki duara lenye mstari katikati, mlango wa kulia. Wapakiaji hawakuinua gunia kabla ya kuliona. Shefe, mkuu wa yadi, mtu wa kusini aliyeletwa huku na kazi, aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba maadamu duara lile halijamwaibisha, hakuna mkono mwingine utakaogusa milango ya matela yake. Wengine wana vyeti ukutani. Mimi nilikuwa na duara.

Anayekufungia ndani ya tela si mtu wa kuokota. Akisahau akaenda kunywa chai, utabanikwa humo kama samaki. Wangu alikuwa mlamu wangu, kaka yake mke wangu, mtu mzima kama mimi, shule amenipita mbali, Kireno anakimwaga kama maji. Tuliporudi mjini baada ya kukimbia vita, nilimkuta anauza dagaa wakavu, nikamwingiza yadi. Kila akifunga aliuliza kupitia mlangoni anipe siku ngapi humo, nami nilimjibu kwamba dada yake atakuja kumtoa roho. Tulitaniana hivyo miaka.

Msimu mmoja joto la kabla ya mvua lilizidi. Siku moja nilitoka ndani nikashika mlango, magoti hayanitii. Sikumwambia mtu. Yeye aliona, akaninyoshea kopo la maji bila neno, nikamshukuru zaidi kwa ule ukimya kuliko kwa maji.

Kesho yake alikuja na turubai.

"Mlamu, ukinifia humo, dada yangu nitamwambia nini? Nalitandika juu ya paa, nalimwagia maji, wewe unapoa."

Nilimcheka, nikamwambia mimi si kizee. Lakini nilimwacha alitandike, na kweli ndani kukawa kama kivulini. Sasa msinione mjinga. Nilijua turubai juu ya paa linaziba jua, na jua ndilo jicho langu. Tulipatana kwamba kabla ya kulitandika apande yeye mwenyewe paani, akague kwa macho na kwa mkono, aniambie. Kuta na sakafu zilibaki zangu. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba kaka yake ana moyo.

Likaja tela la unga wa kwenda Mueda. Nilimsikia anatembea juu yangu, polepole, anasimama, anatembea tena.

"Paa safi, mlamu," alisema, akatandika turubai; nilipomaliza kuta na sakafu, akalikunja.

Nikachora duara.

Tela lilikaa njiani, Awasse, siku mbili likisubiri msafara wa askari, na mvua ya kwanza ikalikuta hapo hapo. Mueda walipofungua milango, unga ulikuwa uji. Liliporudi yadi, shefe alituita wote, akasimama mbele ya mlango wa kulia, akauliza alama ile ni ya nani. Nikasema ni yangu. Nikapanda paani. Bati lilikuwa limechanika urefu wa kiganja, kingo zina kutu ya zamani, na ndani ya mpasuko kulikuwa na tambara lililoshindiliwa kwa grisi, mvua imelisukuma nusu likaning'inia. Grisi ile niliichanganya mwenyewe kwa ajili ya bawaba, ndani yake natia mafuta machafu ya injini. Nilinusa vidole. Kopo la grisi hiyo tulilijua watu wawili, mimi na mlamu wangu.

Nikashuka, nikamtazama, nikangoja aseme. Akatazama kandambili zake. Kisha akazungumza na shefe kwa Kireno, haraka, sauti ya chini, kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma. Sikukipata chote. Nilipata joto. Nilipata magoti. Nilipata mzee.

Shefe hakunigombeza. Alininyoshea mkono nimpe chaki, nikampa, naye akampa mlamu wangu.

Ijumaa ile, baada ya sala, mlamu alikuja nyumbani. Mke wangu akatuwekea chai barazani, akaingia ndani. Nikamuuliza kama alilijua lile tundu.

"Nililijua."

"Na tambara?"

"Nililitia mimi."

Nikamuuliza nimemkosea nini, mimi niliyemtoa kwenye dagaa. Alizungusha kikombe mezani.

"Kila siku nakufungia mlango, mlamu. Hata siku moja hukuniambia leo ingia wewe."

Angeniomba tu, nilitaka kusema. Lakini najijua. Angeniomba, ningemcheka, na ningewasimulia wapakiaji nao wacheke. Haya nayaandika kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yanamsafisha. Mtu aliyechekwa hugomba, hususa, huondoka. Hapandi juu ya kichwa cha mwenzake kumzibia jicho, kisha akasema safi.

Nikamwambia ainuke aende. Mke wangu alimsindikiza mpaka barabarani, na akakaa huko na kaka yake muda mrefu kuliko unaohitajika kumsindikiza mtu.