Mama Aliyetutengenezea Seva

Sikulazimishi uamini, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Mke wangu Mwende ni karani wa duka la vitambaa la jumla huku Eastleigh. Mimba yetu ya kwanza ilipoanza kusumbua, daktari akamwamuru alale tu. Bosi akasema afanyie kazi nyumbani, la sivyo atatafuta karani mwingine. Basi Jumapili, duka likiwa limefungwa, nikapewa ufunguo nikaweke seva, programu ya kufungulia kompyuta ukiwa mbali, kwenye kompyuta yake ya kazini ya Linux, ili aifungue kwa laptopu akiwa kitandani kwetu Kware.

Nilijifungia ndani kwa kufuli. Nikaweka programu, nikampigia simu.

"Naona giza tu," akasema.

Nikarekebisha, nikazima, nikawasha. Giza. Akaanza kulia. Je, umewahi kusikia kilio cha mtu aliyekatazwa hata kuinuka?

"Toka kwanza, baba."

Niligeuka. Mama wa makamo, kitambaa cha manjano kichwani, alikuwa amesimama kando ya marobota.

"Umeingia kwenye kompyuta hii kwa jina lake, halafu unataka naye aingie akiwa kule. Itakubali vipi?"

Akavuta kibodi. Haki ya Mungu, sijaona mikono kama ile! Alitoka kwenye akaunti, akaandika amri chache bila kufuta hata herufi moja. Nilisahau hata kumuuliza ameingiaje.

"Kuna mama amekuja kunisaidia," nikamwambia Mwende.

"Hata huku yuko mmoja, ana kitambaa cha manjano. Ananishikia laptopu."

Yule mama akainama. "Sasa jaribu, binti yangu," akasema, na sauti ileile, wakati uleule, ikatoka kwenye simu.

"Imefunguka!" Mwende akapiga kelele.

Kuinua macho, niko peke yangu. Kufuli palepale. Na Kware, mama mkwe aliyekuwa akifua mlangoni hakuona mtu akipita.

Binti yetu alizaliwa salama, na kazi haikupotea. Ila mara nyingine asubuhi Mwende hukuta mshale kwenye skrini unatembea wenyewe, polepole, kama mtu anayekagua kazi yake. Hungoja utulie, husema, "Asante, mama," ndipo aanze.

Nawe ukiweka seva, tia paswadi ngumu. Lakini ukiona mshale unasogea bila mkono, usikimbilie kuzima. Tazama kwanza unafanya nini.