Kamera Tatu Zilizokosa Mstari

Mwanamke aliyenifunza kazi ninayojivunia hadi leo alifika kiwandani kwetu asubuhi ya Jumanne, akiwa amevaa sweta ya kijivu na gambuti zenye matope ya kwao Kiogoro. Mlinzi wa lango alimwelekeza kwenye mizani, akidhani ni mkulima aliyekuja kuulizia majani yake. Hakukasirika. Alimwambia kwamba ameitwa na meneja kuangalia kamera, akasimama pembeni kungoja. Nilipokwenda kumchukua, nami nakiri kwamba nilichungulia nyuma yake nikimtafuta fundi mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu nikisimamia kompyuta na mtandao katika kiwanda kidogo cha chai, juu kidogo ya Magwagwa, upande wa Nyamira. Kila kitu chenye waya na taa ndogo inayometameta kilikuwa changu, na kamera zilipokuja zikawa zangu pia.

Kamera hizo zililetwa na ajali. Miezi michache nyuma, mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye mkanda unaopeleka majani kwenye mashine ya kusaga alinaswa mkono wa sweta, nao mkanda ukamvuta. Mwenzake aliwahi kubonyeza kitufe cha kuzima, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshakwenda. Alilazwa Kisii mjini, akapona, akarudi kazini akapewa nafasi kwenye meza ya kuchambua majani. Meneja wetu, mtu mkimya na mzee wa kanisa, alilibeba jambo lile kama lililompata mtu wa nyumbani kwake. Aliwaomba wenye kiwanda wanunue kamera zinazoweza kulinda mstari: unachora mstari kwenye picha, na mtu akiuvuka, king'ora kinalia palepale. Kamera nane zikanunuliwa, watu wa muuzaji wakaja wakazifunga kwa siku moja, wakaondoka.

Picha zilikuwa safi ajabu. Ungeweza kuona umande kwenye majani. Lakini mahali pa kuchora mstari hapakuwepo.

Kwa wiki tatu nilihangaika. Ofisini kwangu kulikuwa na mashine ya kurekodi inayokusanya picha za kamera zote, na kwenye menyu yake mlikuwa na kila kitu isipokuwa kile tulichonunulia kamera. Nilizima nikawasha. Nilibadilisha kebo. Nilisoma kitabu cha maelekezo mpaka kurasa zikalegea. Hatimaye nilimpigia simu muuzaji kule Nairobi, na mtu aliyepokea, bila hata kuuliza ni kamera za aina gani, akasema huenda tulipewa za daraja la chini. Maneno hayo yalinifaa kwa sababu yaliniondoa lawamani. Niliyapeleka kwa meneja kama mtu aliyehakikisha: kamera hizi haziwezi, zirudishwe.

Meneja hakunibishia. Alisema tu kwamba kabla ya kuzirudisha angependa mtu mwingine aziangalie. Mke wake alimfahamu mama mmoja wa Kiogoro ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi wa maabara katika shule ya upili, akaacha, na sasa anafunga na kurekebisha kamera za shule na maduka mjini. Nilijibu kwamba ni sawa. Rohoni nilikereka.

Basi siku hiyo nilimpeleka ofisini, nikamvutia kiti mbele ya skrini, nikaanza kumweleza yote niliyojaribu, moja baada ya jingine, ili aelewe kwamba hakuna kilichobaki. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikata. Kisha akaomba nimpeleke kwanza kwenye mkanda.

Alisimama pale kwa muda mrefu, mikono nyuma, akiangalia majani yanavyopita. Alizungumza na wanawake wa zamu kwa Ekegusii, akiwauliza husimama wapi, huinama lini, na kwa nini. Mmoja wao akamwonyesha yule mama aliyepoteza vidole viwili pale mezani, naye akamwendea, akamsalimu kwa kumshika mkono uleule wa kulia, kama mkono mwingine wowote. Mama yule akaja naye hadi kwenye mkanda, akamwonyesha jinsi majani yanavyojikunja pembeni yakaziba, na jinsi mtu anavyoinama kuyasukuma bila kufikiri. Nilikuwa nimepita pale kila siku kwa miaka mitatu. Sikuwahi kujua kwa nini watu huinama.

Tuliporudi, hakuigusa mashine ya kurekodi. Alitoa laptopu yake kwenye mkoba, akaichomeka kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo zote za kamera, akaandika anwani ya kamera mojawapo na kuingia ndani yake moja kwa moja, bila kupitia kwenye mashine yangu. Alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine polepole, akiandika kwenye daftari dogo. Kisha akanigeuzia skrini. Mahali pa kuchora mstari palikuwepo, pamekaa kimya kama kwamba pameningoja.

“Kamera inajua kazi yake,” aliniambia. “Mashine yako ndiyo haina habari kwamba inajua.”

Alinieleza kwa utaratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa. Waliozifunga walizitambulisha kamera kwa mashine kwa kutumia lugha ya pamoja, ile inayoeleweka na kamera za watengenezaji wote. Kwa lugha hiyo kamera hutoa picha na mambo machache ya kawaida, basi. Mambo yake ya pekee huyasema kwa lugha ya mtengenezaji wake. Akaniambia niiondoe kamera ile kwenye orodha, niiongeze upya, na safari hii nichague lugha yake yenyewe. Nilimsogezea kipanya afanye, akakirudisha kwangu. Nilifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na mstari ukatokea kwenye menyu ambayo nilikuwa nimeikodolea macho kwa wiki tatu.

Nilifurahi, na papo hapo nikaona haya. Yeye hakuonyesha kwamba ameona lolote kati ya hayo mawili. Alisema tuendelee na ya pili.

Kamera tano zilikubali. Tatu, zote za upande wa mkanda, zikakataa. Tulizitoa na kuziongeza tena, hakuna kitu. Akaingia ndani ya kamera zenyewe kama alivyofanya mwanzo, na huko pia mstari haukuwepo. Hapo nilipata nguvu kidogo, nikasema pengine hizi tatu kweli ni za daraja la chini. Alinitazama kwa upole, akaniuliza kama nimewahi kusoma vibandiko vyake. Sikuwahi. Nikapanda ngazi, nikisoma namba kwa sauti kubwa kushinda kelele za mashine, naye chini akiandika. Kamera zote nane zilikuwa za aina moja, na alipokagua programu zake za ndani, nazo zilikuwa toleo moja.

Tulikula ugali na mboga chungu za chinsaga kwenye kantini ya wafanyakazi. Alinisimulia kwamba katika maabara ya shule, wanafunzi wakivuruga jaribio, hakuwa akiwauliza nani amefanya nini. Aliweka jaribio lililofaulu kando ya lililoshindwa, akatafuta tofauti. Alisema tofauti ikipatikana, maelezo huja yenyewe. Alilisema jambo hilo huku akimenya ndizi, na sikujua kwamba linanihusu.

Baada ya chakula alifungua kamera moja iliyokubali na moja iliyokataa, akaziweka pamoja kwenye skrini, akalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Meneja alikuwa ameingia na kusimama mlangoni. Nilimwona fundi akisita kwenye ukurasa mmoja, kisha akafungua mwingine, ule ambao kamera huhifadhi kumbukumbu ya kila linalofanywa ndani yake: nani aliingia, saa ngapi, akabadilisha nini. Alisoma mstari mmoja, akaufunga ukurasa. Akamgeukia meneja na kumwomba akapange mkanda usimamishwe kwa muda saa kumi, ili tufanye majaribio. Meneja akaenda.

Ndipo akaufungua tena. “Jina hili ni lako?”

Lilikuwa langu. Nililisoma nikakumbuka yote kwa mara moja. Siku ile kamera zilipofungwa, nilipobaki nazo peke yangu, niliona chaguo la kunasa sura za watu. Nilitaka kumwonyesha meneja jambo la kushangaza, nikaliwasha kwenye kamera tatu za mkanda. Kamera zilijizima na kujiwasha. Sura zilitokea giza kwa sababu ya mvuke na vilemba, nikaona halina faida, nikaacha hivyohivyo na kulisahau. Kumbe ubongo wa kamera ile ni mdogo. Haiwezi kutafuta sura na kulinda mstari kwa wakati mmoja, na ukichagua sura, huuondoa mstari kwenye menyu kabisa bila kukuaga.

Nilijaribu kusema neno kuhusu kitabu cha maelekezo, likaishia njiani. Yeye aliweka kalamu mezani.

“Nimeitwa kutafuta kitu kilichopotea, mwanangu. Sikuitwa kutafuta mtu,” alisema. “Kwenye ripoti nitaandika kilichoipata kamera. Habari ya jina utaamua mwenyewe.”

Kisha akanionyesha mahali pa kubadilisha lile chaguo, akaniacha nibonyeze. Kamera zilichukua dakika chache kujiwasha. Zote tatu zikaja na mstari.

Ningedhani kazi imekwisha. Kwake ilikuwa ndiyo inaanza. Saa kumi mkanda uliposimamishwa nilichora mstari juu ya ule wa rangi ya manjano uliopakwa sakafuni, kama meneja alivyoagiza, naye fundi mwenyewe akatembea kuuvuka. King'ora kililia, na wafanyakazi wakacheka kwa mshtuko. Hakuridhika. Alimwita yule mama wa vidole viwili, akamwomba aseme kama mstari uko mahali panapofaa. Mama alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, akasimama pale pale aliposimama siku ya ajali. Sikuwa nimemwona akisimama hapo tangu arudi.

Aliutazama mstari, akarudi hatua moja nyuma, kisha nusu hatua tena. “Hapa,” alisema. “Mguu ukishafika pale kwenye rangi, mkono uko ndani tayari.”

Meneja mwenyewe, aliyeupima ule mstari wa manjano kwa futi kamba, aliinamisha kichwa akakubali. Nikauchora upya nyuma, pale mama alipoonyesha. Tukajaribu tena na tena: mtu mrefu, mtu mfupi, mwenye kikapu mgongoni, mvuke ukiwa mwingi. Mvuke ulikidanganya king'ora mara mbili, na fundi wetu akanifundisha kupunguza wepesi wake wa kushtuka kidogo kidogo, huku tukiangalia kila mara kama bado kinamwona mtu. Alikuwa na umri wa kuwa mama yangu, na miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya zile gambuti, lakini alirudia matembezi yale kuuvuka mstari mpaka nikaacha kuhesabu.

Jioni, kabla hajaondoka, nilikwenda kwa meneja nikafunga mlango. Nilimwambia kwamba kamera hazikuwa na ubaya, kwamba tatu niliziharibu mimi kwa kutaka kuonekana hodari, na kwamba maneno yangu kuhusu daraja la chini yalikuwa ya kubahatisha. Aliniuliza ingekuwaje iwapo mtu angeumia katika wiki zile tatu. Aliniagiza nimwandikie muuzaji kusahihisha malalamiko yetu, na kuanzia siku hiyo niweke daftari la kila badiliko ninalofanya kwenye kamera, tarehe na sababu. Kazi sikupoteza. Nilipotoka nilimkuta mama wa Kiogoro kwenye baraza akifunga mkoba wake. Hakuniuliza nimesema nini. Aliniuliza kama ninajua mtu anayeelekea Kisii kwa gari.

Ripoti yake ilikuja baada ya siku mbili, kurasa mbili za mwandiko safi ambao hata mkulima asiyejua kompyuta angeuelewa. Jina langu lilikuwemo mara moja tu, mahali alipoandika kwamba marekebisho yote yalifanywa na mimi.

Tangu hapo, Jumapili ambazo siko zamu, huwa naandamana naye kwenye kazi zake. Juzi tulikuwa Tabaka, kwenye ghala la wachongaji wa mawe, ambako kamera za lango zilikuwa zimepoteza sauti na mwenye ghala alikuwa tayari ameambiwa anunue mpya. Vumbi jeupe la mawe lilikuwa limelala juu ya kila kitu. Nilipofungua laptopu nilimtazama nikingoja aanze, lakini yeye alikuwa ameketi juu ya sanduku la vinyago vilivyofungwa tayari kusafirishwa, amemimina chai kutoka kwenye chupa, anapiga gumzo na mwenye ghala kuhusu watoto. Nikaifunga laptopu. Nikamwendea mlinzi wa lango, nikamwomba anieleze siku ya mwisho aliposikia sauti, na ni nani huingia kwa mlango gani.

Alinisimulia kwa karibu nusu saa. Niliandika yote.