Inchi Mbili Alizokula Mbuzi

Mama huyu anaendesha chuo cha ushonaji ndani ya lililokuwa ghala la mahindi. Panya hawajapewa barua ya kuhama, lakini chuo kipo: cherehani nne za kukanyaga, meza moja ya kukatia, na vijana wanane ambao kijiji kizima kilishawakatia tamaa. Mmoja aliacha shule darasa la tano alee wadogo zake. Mwingine anaitwa Bosi, na kandambili zake hata si pea moja. Mbele yake wanamwita Mama. Akigeuka tu, wanamwita Toa Mbili.

Jina kajitafutia mwenyewe. Futi yake, ile tepu ya kupimia nguo, aliachiwa na marehemu mama yake. Mwaka juzi mbuzi wa jirani akaingia ghalani, akala inchi mbili za mwanzo, akaenda zake hata asante hakusema. Tangu hapo tepu inaanzia kwenye mbili. Mwenye akili zake angenunua nyingine. Mama akasema za dukani zinavutika kama uongo. Pima, soma, kisha toa mbili. Basi ghala zima likawa linaimba: "Arobaini, toa mbili, thelathini na nane!"

Siku ya mtihani ikafika. Wakifaulu sita kati ya wanane, chuo kinapata kibali. Wakipungua, kufuli, na kila mtu arudi kwao akaitwe mzigo tena. Mtahini alikuja na tai, na mkoba, na dereva mwenye kitambi cha heshima. Dereva ndiye wa kushonewa: kila mmoja ampime, amshonee suruali.

"Mzee, usivute tumbo ndani," Bosi akamwambia.

"Nani kavuta? Hili ndilo lenyewe, kijana. Pima!"

Mtahini alikuwa amegawa tepu nane mpya, za njano. Sharti lake: mwalimu akae mlangoni, na akimwambia mwanafunzi neno moja tu, mtihani umefutwa. Mama akakaa, mikono mapajani, anatabasamu kama mama mkwe siku ya mahari. Kisha akamsikia Bosi akinong'ona: "Arobaini na nne… toa mbili… arobaini na mbili."

Tabasamu likakauka. Tepu mpya hazikuliwa na mbuzi! Na midomo mingine saba ilikuwa inanong'ona hivyohivyo. Kwa mazoea aliyowajaza yeye mwenyewe, watoto wake walikuwa wanamwibia yule dereva inchi mbili za kiuno, na dereva hakuwa na hata nusu inchi ya kugawa sadaka.

Akisema, wamekwisha. Akinyamaza, wamekwisha vilevile. Mama akainuka, akamwendea mtahini.

"Naomba tutoke nje kidogo, mwanangu."

"Mama, kaa."

"Wao siwaambii kitu. Nataka kukwambia wewe."

Nje, akaivua tepu shingoni, akamkabidhi. Mtahini akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Inchi mbili ziko wapi?"

"Anazo mbuzi."

Mtahini hakucheka. "Umefundisha watoto kwa kitu hiki miaka miwili?"

"Nimefundisha. Ubishi wangu. Tepu hata mia zingepatikana. Lakini kushona wanajua. Usiwapime kwa kosa langu."

Yule bwana akaikunja ile tepu mkononi. Akarudi nayo ndani.

"Nani ameshakata kitambaa?"

Hakuna.

"Rudisheni tepu zangu. Pimeni upya kwa hii mliyoizoea. Muda siongezi."

Tepu moja, watu wanane! Lakini hayo ndiyo maisha yao. Ikawa inaruka kutoka mkono hadi mkono, "Leta!" "Shika!" "Dereva, geuka!", mpaka mzee wa watu akasema kizunguzungu hiki hata barabarani hajawahi kukipata.

Jioni dereva akazijaribu suruali zote nane. Sita zilimkaa. Moja ilikuwa na mguu mrefu kuliko mwenzake. Ya Bosi kiuno kilikuwa sawasawa kabisa, ila zipu ilikuwa nyuma.

"Hii nitavaa nikiendesha kinyumenyume," dereva akasema, na ghala likaangua kicheko. Mtahini akaandika: kibali kitolewe. Vijana wakarukaruka, panya wakakimbia.

Bosi hakuruka. Alikaa nyuma ya mlango, ameipakata suruali aliyoishona. Mama akaketi chini kando yake, magoti yakilia ko-ko.

"Nimekuaibisha, Mama."

"Wewe umekosea zipu moja. Mimi nimekosea miaka miwili, na leo nilikuwa nawafelisha wote wanane."

Bosi akageuka kumtazama. Mama huyu huyu, ambaye kwake fundi hakosei, kitambaa ndicho kinachokosea?

"Sasa wewe ulifanyaje?"

"Nilikwenda kumwambia mtahini ukweli. Niliona aibu, nikasema hivyohivyo. Haya, wembe uko wapi? Fumua hiyo zipu, mimi nakushikia."