Wale Marafiki Wamerudi

Tajiri wa duka la muvi alinipigia simu asubuhi nikiwa narekodi tangazo la mbolea. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yangu hapa Kahama. Sauti yangu inafungwa kwenye spika juu ya magari na kuzungushwa mjini, ikiwaita watu wakanunue mbolea, magodoro, dawa za ng'ombe. Kuna siku nakuwa nimekaa kibarazani nakunywa chai, najisikia napita barabarani nikipiga kelele.

"Dada," akasema, "ile tamthilia yenu imerudi."

"Tamthilia ipi?"

"Ya wale marafiki wa ghorofani. Wameitengeneza upya, wameweka vijana. Wateja wa zamani wameanza kuulizia. Mtaitafsiri?"

Nikamwambia nitafikiri. Nilipokata simu nikaona nimechoka, na kazi yenyewe sijaianza.

Ilikuwa tamthilia ya kigeni. Marafiki kadhaa, wanaume na wanawake, wanaishi jengo moja katika mji wa mbali, na kila mmoja wao anapenda mtu wa jinsia yake. DVD zake zililetwa Kahama na fundi mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba mgodini, akauza kila alichokuwa nacho kuanzia friji hadi vijiko. Tajiri alilichukua boksi zima bila kujua ndani mna nini. Akatuita sisi wawili, mimi na rafiki yangu, tuzitie Kiswahili kama tulivyokuwa tukifanya kwa tamthilia za Kifilipino na za Kikorea.

Rafiki yangu alikuwa fundi cherehani, Msukuma kutoka vijiji vya upande wa Shinyanga. Katika mazungumzo ya kawaida "r" zote zilimtoka "l", lakini ukimweka mbele ya kipaza sauti zilinyooka zenyewe, sijui alikuwa anazitoa wapi. Mimi ni mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu, Kiingereza nilikipata sekondari. Watu walituhesabu kuwa wachumba, nasi tukawaacha wahesabu. Yeye alikuwa na mtu wake, dereva wa lori la mpunga. Mimi nilikuwa na wangu, mwanamke aliyeuza mitumba sokoni, ambaye baadaye aliolewa Mwanza na kunialika harusini. Mambo hayo hatukuwahi kuambiana kwa maneno. Tulijuana tu.

Chumba cha kurekodia kilikuwa nyuma ya duka, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia kelele. Feni tuliizima kwa sababu ilinguruma. Adhana ikianza tunasimama, lori likipita tunasimama, jasho linatuchuruzika hadi tunakaa na taulo shingoni. Mimi nilitoa sauti za wanawake, yeye za wanaume. Mhusika aliyempenda kuliko wote ni kijana mmoja mwembamba mwenye maneno ya shombo, ambaye kila akiumizwa alipika. Alimpa sauti ya chini, ya taratibu, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitumia mahali pengine popote.

Tatizo lilikuwa tuwaiteje hawa watu. Kwa wanawake lugha ilitubeba. Mwanamke kwa mwanamke mwenzake ni shoga yake, hakuna anayeshtuka, kwa hiyo wale wawili walipogombana nikasema, "Shoga, umeniacha peke yangu," na aliyetaka kusikia urafiki alisikia urafiki. Kwa wanaume neno hilohilo ni tusi, halikufaa. Rafiki yangu akafikiri sana, akasema tutumie "mwandani".

"Watu wa siku hizi hawalijui hilo," nikamwambia.

"Wasiolijua wataliuliza. Wanaolijua watanyamaza."

Wiki moja baada ya tamthilia kutoka tulikwenda wote hadi kwenye banda la video karibu na mgodi wa Bulyanhulu, tuone inapokelewaje. Wachimbaji wadogo walijaa kwenye mabenchi, vumbi la mawe bado kwenye nyusi. Ilifika sehemu yule kijana mwembamba anamuuguza mwenzake. Mchimbaji mmoja akasema, "Hawa jamaa wanapendana kweli." Mwingine akamjibu, "Nyamaza, tusikie." Basi. Wakaendelea kutazama. Kina mama waliouza chakula pale nje walikuwa wameingiza vichwa mlangoni, mmoja wao analia na mwiko mkononi. Tukarudi Kahama kwa pikipiki moja, yeye anaimba njia nzima.

Halafu ukaja wakati maneno juu ya watu kama sisi yakachacha mjini. Yalianzia redioni na mimbarini, yakaingia vijiweni, kisha yakaanza kutafuta wa kumshukia. Yakamshukia yeye. Alipigwa mchana, mbele ya kibanda chake cha ushonaji, na watu aliowashonea sare za watoto wao. Jino la mbele likaondoka, na vitambaa vya wateja vikatupwa kwenye mtaro. Nilimkuta amekaa chini anavikung'uta kimoja kimoja. Akanitazama akasema, "Hivi vya mama wa harusi, sijui vitatakata?" Mama wa harusi mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka.

Nilimsaidia kupakia cherehani kwenye buti la basi. Akaenda Geita, akamchukua na mama yake kutoka kijijini, akaanza kushona ovaroli za watu wa migodini. Mimi nikabaki. Dereva wa lori hakuonekana tena.

Sasa tajiri alinitumia hiyo mpya kwenye flashi. Niliitazama peke yangu mchana, pazia limeshushwa. Vijana wazuri, wanaongea haraka haraka. Wale wa zamani walikuwa wakijificha, wakipeana ishara, wakiogopa simu za nyumbani kwao. Hawa hawajifichi. Wanagombania kodi ya nyumba na nani kamaliza maziwa. Wanajiita kwa majina ambayo sina Kiswahili chake, na nikijaribu kukitafuta naona nitaandika na kufuta hadi karatasi itoboke. Niliwafurahia, nisiseme uongo. Ila nilikuwa kama mtu wa njaa anayesimuliwa karamu. Wenyewe kule wamesogea hadi wamechoka na kusogea, na mimi hapa nashusha pazia mchana.

Nilikuwa nishaamua kukataa, ndipo akatokea yule kijana mwembamba. Mwigizaji ni yuleyule. Nywele nyeupe, tumbo kidogo, ana mgahawa mdogo ambamo hao vijana wanakuja kulilia shida zao. Nikasimamisha picha. Huyo hakuna mtu mwingine wa kumsemea.

Nikapanda basi la Geita. Nilimkuta rafiki yangu kibarazani katikati ya ovaroli za bluu, miwani puani, amenenepa. Mama yake alikuwa ndani kwenye kochi. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, "Mwadila, mayu," akacheka, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaniuliza kwa nini nimekonda kama mgonjwa.

Nikamweleza rafiki yangu kilichonileta. Akaendelea kukanyaga cherehani.

"Sauti ile niliiacha Kahama, dada."

"Tazama tu. Kama hutaki, mimi narudi zangu."

"Nikitazama nitataka."

Mama yake, ambaye zile za zamani alipelekewa kijijini akazitazama, akapaza sauti kutoka ndani. "Ni wale waliokuwa wanapika?"

Basi tukatazama. Tukafunga mlango, sauti tukaipunguza, nami nikawa natafsiri papo kwa papo, kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya mama. Hakuwapenda vijana. "Maneno mengi," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyebandika sufuria." Kule mgodini wakalipua baruti za alasiri, vioo vikatetemeka kwenye fremu, na hakuna aliyegeuka kuangalia. Kisha yule mzee wa mgahawa akaingia, akafunga aproni, akaanza kumwambia kijana mmoja aliyeachwa habari za zamani. Nikavuta pumzi nitafsiri. Kabla sijafungua mdomo, rafiki yangu akaanza.

Hakuwa anakitazama kioo. Alikuwa anautazama uzi mkononi mwake, na Kiingereza chake ni kidogo kuliko changu, lakini alikuwa anamjua yule mtu. "Sikumfuata," akasema kwa ile sauti ya chini. "Nilidhani atarudi mwenyewe. Watu hawarudi wenyewe, mwanangu." Kwa pengo la jino maneno yalitoka na upepo kidogo. "R" zilikuwa zimenyooka.

Mama yake akapiga makofi. "Ndiye! Ndiye huyo!"

Nikampigia tajiri jioni ileile kumwambia tunaifanya, wote wawili. Akafurahi, halafu akashusha sauti.

"Ila dada, siku hizi si kama zamani. Yule mzee mfanye mjomba wao. Na wale wavulana wawili wawe ndugu, baba mmoja. Sehemu za kukumbatiana nitazikata."

"Zamani hatukukata kitu."

"Zamani hakuna aliyekuwa anasikiliza. Mimi nina duka na watoto."

"Ukizikata kitabaki nini?"

"Itabaki stori."

Sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Na hofu yake si ya kubuni, hata yangu nilikuwa nimesafiri nayo. Nikamwambia amtafute mtu mwingine, akamtafuta. Akampata DJ mmoja wa kutafsiri muvi, hodari wa vichekesho.

Nikaja kuisikia kazi ya huyo DJ kwenye mgahawa wa stendi ya Kahama, televisheni iko juu ya friji la soda. Yule mzee amepewa sauti nyembamba ya puani, kila akifungua mdomo anadeka. Ile hadithi ya mtu ambaye hakumfuata mwenzake imegeuzwa hadithi ya kupoteza kuku. Watu walicheka hadi mhudumu akasahau kuleta chapati. Nilikaa nikamaliza chai yangu, nikaondoka. Nje gari la matangazo likapita na sauti yangu juu yake, inasifia magodoro.

Niliporudi Geita sikujua nimwanzieje. Aliniwahi.

"Nimeisikia. Mteja alikuwa nayo kwenye simu, akanionyesha nicheke."

"Ukafanyaje?"

"Nikampima kiuno. Ndicho alichokuja nacho." Akavua miwani, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaivaa tena. "Ingia. Mama anakusubiri tangu asubuhi, hataki nitafsiri peke yangu. Anasema wanawake wangu wote wanaongea kama askari."

Tukaendelea tulipoishia. Nafika ninapopata nafasi, si mara nyingi. Tunafunga mlango, tunawasemea wote hao watu kwa ajili ya kikongwe mmoja, bila kurekodi chochote. Kuna siku natoka pale koo limekauka, kesho yake nashindwa kuita wateja wa mbolea.

Siku moja yule mzee wa mgahawa alikutana barabarani na mtu wake wa ujana. Walisimama, wakaulizana hali, wakaagana. Hakukuwa na maneno mengi ya kutafsiri. Mama yake akageuka akamuuliza mwanawe kwa Kisukuma. Alisema pole pole, hata mimi nilielewa.

"Na yule dereva wako aliyekuwa anatuletea mchele, aliishia wapi?"

Nilimwona rafiki yangu anahesabu, huyu mama amejua tangu lini, na kwa miaka yote hiyo amekuwa akikaa na siri hiyo kwenye kochi lile.

"Yuko Nzega, mama. Ana familia."

"Mzima?"

"Nasikia mzima."

"Haya," mama akasema. "Ule ulikuwa mchele mzuri." Akajifunika kanga miguuni, akaniambia niongeze sauti kidogo, masikio yake yamechoka. Rafiki yangu akainuka, akasema kuna ovaroli ya mtu inatakiwa kesho. Kutoka kibarazani nikasikia cherehani inaanza, inasimama, inaanza tena. Nikabaki natafsiri peke yangu, wanawake na wanaume, hadi mama akasinzia.